Buti la Pankrat

Reni, 11 Septemba 2006

Dada Velichka mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwa mtu mwenye bahati kuliko wote kwenye mto Danube, kuanzia chemchemi yake hadi Bahari Nyeusi, na anayebisha aje tupimane vifua. Afya yangu ni ya ng'ombe dume. Na wewe je? Moyo unasemaje? Pumzi inakutosha kupanda ngazi, au ile lifti bado imelala usingizi wa pono nawe unapumzika kila ghorofa ukijifanya unasoma matangazo ya misiba?

Sasa kaa chini. Umekaa? NIMEKIPATA! Kitabu cha saba cha zile riwaya zetu za Ofisi ya Makazi ya Wasioonekana. Kipo hapa Reni, Ukraine, bandarini, kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza soksi, betri na riwaya. Watu wa Sofia wenye digrii zao wamekitafuta wakachoka. Mimi nimeshuka mara moja tu kununua vitunguu, tazama! Kapteni huniambia kila siku, "Rangel, wewe hata ukianguka mtoni utatoka na samaki mfukoni." Namwambia hilo nalijua.

Ni cha Kirusi, kweli. Yule mchapishaji wetu alifunga duka baada ya kutafsiri sita, akatuacha na Pankrat ghorofa ya tano, nyumba inabomolewa, lile tufe la chuma limeinuliwa hewani, na yeye mzimu mbishi kajibanza nyuma ya jiko, hataki kuingia kwenye buti la Glafira, yule mama wa Ofisi anayehamisha mizimu, apelekwe nyumba nyingine. Mwaka mzima tufe linaning'inia! Hata mimi nikikaanga samaki nalisikia juu ya kichwa. Lakini usijali. Mimi na Kirusi ni pete na kidole. Nitakutafsiria mwenyewe, sura moja kila barua.

Ulisema kwa mdomo wako, mbele ya Dimka na mbele ya picha ya mama, kwamba huingii chumba cha upasuaji mpaka ujue kama Pankrat alitoka kwenye ile nyumba. Haya basi. Kamwambie yule daktari wa Varna aanze kunoa kisu.

Mdogo wako mwenye bahati,
Rangel


Ruse, 25 Septemba 2006

Rangel,

Salamu zimefika, zinanuka vitunguu kama zako zote. Mimi sijambo ya kusimama. Ya kutembea ni habari nyingine. Dimka wa mlango wa pili anakusalimu. Anasema umwachie mumewe marehemu raha yake, usingizi wa pono ulikuwa wake, si wa lifti.

Wewe na Kirusi! Mwalimu wako alikuja nyumbani kumwambia mama kwamba baada ya miaka mitano unajua maneno mawili: mkate na likizo. Nilikuwa namenya viazi, nilisikia kwa masikio yangu.

Halafu nieleze jambo. Wiki iliyopita mlipita hapa. Nilitandika kitambaa chekundu barazani kama ulivyoagiza, nikaona matishari yenu yanasukumwa taratibu kama jeneza la tajiri, nikaona na mtu mwenye kitambaa cha jikoni anacheza nyuma ya boti. Kwa nini hukumpa wakala wa meli hicho kitabu aniletee? Chini ya ngazi zetu yupo mwalimu mstaafu, anasoma Kirusi kama maji.

Daktari amesema tena. Kilango cha moyo kimechakaa, hakifungi. Baridi hii moyo utaibeba, ijayo hatoi ahadi. Nikamwambia nasubiri kitabu. Alinitazama kama mtu aliyeuza mbuzi akaletewa kamba. Lakini neno langu ni lilelile: kitabu kwanza, kisu baadaye.

Leta sura.

Dada yako,
Velichka


Lango la Chuma, 4 Oktoba 2006

Dada mpendwa,

Nakusalimu kutoka foleni ya meli. Mbele yetu Waserbia, nyuma Waromania, katikati mimi na sufuria la maharage. Mzima kama kengele. Kula vizuri, usinyanyue ndoo, na huyo mwalimu mstaafu wa chini usimsumbue, macho ya wazee ni ya kuhurumiwa. Kitabu hakiwezi kutoka mkononi mwangu, nitatafsiri kwa kutazama nini? Na kapteni hasimamishi matishari yenye madini ya chuma kwa ajili ya riwaya, ni mtu asiye na elimu.

Sura ya kwanza ndiyo hii. Naifupisha, maana Warusi wanapenda sana kueleza theluji.

Glafira anapanda ngazi. Lifti ya nyumba imeshang'olewa. Ghorofa ya tatu anasimama, ya nne anakaa, amebeba buti la manyoya chini ya kwapa na mhuri wa Ofisi ya Makazi mfukoni. Chini dereva wa mashine ya kubomolea anapiga honi. Glafira anafika, anagonga jiko.

"Pankrat! Toka, babu, nyumba inaanguka."

"Ianguke. Nimezaliwa nayo."

"Utasagwa."

"Na wewe mama na kiatu chako kinachonuka, umewahi kuona mtu kang'olewa kwake akarudi vilevile?"

Glafira anaweka buti chini. Honi inalia. Basi huyu mama ana akili: anachungulia kabatini, anakuta pilipili hoho, anaziweka kwenye kibati barazani, anaanza kuzichoma. Harufu inateremka. Dereva anazima mashine. "Nani anachoma pilipili huko juu?" "Panda ule!" Akapanda. Na Mavra naye akaja na kahawa. Tufe likabaki hewani, mtu wa kuliangusha anakula.

Sura imeishia hapo. Umeona nilivyo na Kirusi?

Mdogo wako,
Rangel


Ruse, 16 Oktoba 2006

Rangel,

Wewe mzima, mimi napumua. Nimesoma sura yako nikiwa kitandani, Dimka amekaa kwenye kiti na kufuma, nikamsomea kwa sauti. Tuna maswali.

Swali la kwanza. Mavra alikufa kitabu cha tatu. Tulilia, Dimka alikosa kufungua duka lake. Kahawa ameletaje?

Swali la pili. Lini watu wa Moscow wanachoma pilipili barazani? Hayo ni mambo yetu ya Septemba, mtaa mzima wa Zdravets una moshi. Theluji ya Moscow na pilipili wapi na wapi?

Dimka anasema usibishane na kitabu, waandishi wakubwa wana siri zao. Mimi nasema tafsiri yako ina njaa.

Lakini lile swali la Pankrat limenikaa. Umewahi kuona mtu kang'olewa kwake akarudi vilevile. Huyo mzimu si mjinga. Glafira amjibu nini? Hapo hakuna pilipili itakayosaidia.

Upasuaji wamenipangia Novemba. Nimesema tutaona.

Dada yako,
Velichka


Chini ya Gonyu, Hungaria, 8 Novemba 2006

Dada Velichka,

Heri kwangu! Leo ni sikukuu ya Malaika Mkuu, siku ya jina langu, na nimekaa katikati ya mto bila mgeni hata mmoja wa kunijia na chupa. Tumekwama. Maji yamepungua mpaka bata wanatembea. Fungu la mchanga limetushika tumbo, mbele meli, nyuma meli, wote tunangoja mvua milimani. Barua hii ataipeleka mvuvi wa Kihungari niliyemhonga supu. Afya yangu ni nzuri, ila nimekonda, yaani mkanda umerudi tundu moja, kwa hiyo najua unavyojisikia.

Sasa maswali. Mavra: yule aliyekufa ni pacha wake. Imeelezwa vizuri sana ukurasa wa mia na kitu, nikaona nisikuchoshe. Pilipili: Moscow ni mji mkubwa, dada. Una kila aina ya mtu. Wewe umefika wapi? Varna.

Jambo la ajabu, mabaharia wote sasa wanafuata hadithi. Nawasomea wakila. Jana kapteni, huyu asiye na elimu, aliweka kijiko chini akaniuliza, "Sasa huyo mzee atatoka au hatoki?" Fundi wa mashine akasema hatoki, akitoka yeye atakula kofia yake. Wakabishana hadi mchuzi ukapoa. Kapteni akasema, "Rangel, geuza ukurasa tujue!" Nikamwambia kitabu kizuri hakiendeshwi kama tishari.

Sura yenyewe fupi. Dereva ameshiba, ameshuka. Kawasha mashine, haiwaki, dizeli imeganda. Glafira ana jioni moja. Amebembeleza, ametishia, amepiga mhuri karatasi, Pankrat hatoki. Mwishoni anasema, "Niondokee, mama. Hukai hapa wewe." Glafira anakaa ngazini na lile buti magotini.

Ni hivyo tu. Hata mwandishi nadhani alikwama kwenye mchanga.

Umekwenda Varna? Sema umekwenda.

Mdogo wako,
Rangel


Ruse, 27 Novemba 2006

Mdogo wangu,

Salamu za upendo, na pole kwa mkanda. Heri ya jina ingawa imechelewa. Siku ile nilikuwekea glasi mezani, Dimka akainywa kwa niaba yako, mara mbili.

Sikwenda Varna. Mfuko ulikuwa mlangoni, gazeti la kusoma kwenye treni limekunjwa juu yake, Dimka amevaa kofia yake ya misa. Nikakaa kwenye kiti cha ukumbini na koti langu. Dimka akasema, "Velichka, treni." Nikasema sawa. Nikabaki nimekaa. Treni ikaenda. Dimka akavua kofia, akachemsha chai.

Nakwambia wewe kwa sababu uko mbali na huwezi kunicheka usoni. Si kitabu, Rangel. Kitabu ni kisingizio, na nadhani ulijua. Mama aliingia ile hospitali kwa miguu yake, na mkoba wake, amepaka na rangi ya mdomo kwa ajili ya madaktari. Akatoka kwa miguu ya watu wanne. Moyo huuhuu. Mimi ndiye niliyembembeleza aende. "Nenda, mama, ni jambo dogo." Kila nikishika kitasa cha mlango naisikia sauti yangu ile.

Basi mimi ni kama Pankrat. Naujua ufa wa kila ukuta hapa. Nalijua bomba linalolia kabla ya mvua. Kwa nini niingie kwenye buti la mtu?

Wamenipa tarehe nyingine, baada ya Sikukuu ya Mtakatifu Nikola. Sitaki pilipili, sitaki mapacha. Kitabu kipo mbele yako. Angalia kimeandikwa nini pale Glafira anaporudi ndani, uniandikie hivyohivyo kilivyo. Atatoka au hatoki?

Dada yako,
Velichka


Chini ya Gonyu, 2 Desemba 2006

Dada yangu,

Nimesoma barua yako nimesimama jikoni, maharage yakaungua, tumekula jibini na mkate, hakuna aliyelalamika. Moyo wako nausalimia huo wenyewe. Mimi mzima.

Naandika ilivyo.

Glafira alirudi ndani. Safari hii hakugonga jiko. Alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, pembeni yake buti. Akasema, "Babu, kuna kitu nimekificha. Nyumba unayokwenda sijaiona. Pengine ina baridi. Pengine hakuna jiko, ni mabomba tu. Nimekuwa nakuahidi kama mjinga."

Nyuma ya jiko kikohozi.

"Na yule wa ghorofa ya pili uliyemtoa mwaka jana?" akauliza Pankrat. "Alifika?"

"Hakufika," akasema Glafira. "Nilimkabidhi mtu wa gari ampeleke. Nilikuwa na haraka. Nilidhani ni jambo dogo. Sijalala vizuri tangu siku ile."

"Hm. Kumbe hata wewe."

"Hata mimi. Lakini sikumuua mimi, babu, nilitaka apone. Wewe sitakuahidi nyumba. Nakuahidi kitu kimoja: buti nitalibeba mwenyewe, hapa kifuani, ngazi zote, barabara yote, na sitalishusha mpaka utakapogonga kwa ndani kuniambia umefika. Utaingia?"

Pankrat akatoka nyuma ya jiko, mdogo, ndevu zimejaa masizi. Akalitazama jiko. Akaitazama birika. Akauweka mkono kwenye ule ufa wa ukuta anaoujua. Kisha akatikisa kichwa, kulia na kushoto, taratibu, kama mzee anayekubali kumwoza binti wa mwisho. Akainua mguu mmoja. Akaingia.

Nilipowasomea hawa huku, fundi wa mashine alitoka nje. Alirudi na kofia yake, akaomba chumvi.

Nenda Varna, dada. Mama hukumuua wewe. Ulitaka apone.

Mdogo wako,
Rangel


Ruse, 10 Desemba 2006

Rangel mdogo wangu,

Barua yako imefika nikiwa na mfuko mlangoni tena. Nimeisoma kwenye kile kiti cha ukumbini. Halafu nikainuka.

Mwisho usinitumie. Kaa nao. Nataka nikifungua macho kuwe na kitu bado sijakijua.

Dimka amevaa kofia. Anasema mfuko atauweka kifuani, ngazi zote. Nimemwambia asitie chumvi, una magurudumu.

Ufunguo wa nyumba uko kwa mwalimu wa chini. Maua yangu atayamwagilia, nimemkataza kuyaimbia.

Dada yako


Linz, 22 Desemba 2006

Dada Velichka,

Mvua ilinyesha, mto ukatunyanyua kama mama anavyonyanyua mtoto aliyelala, tumefika Linz tukiwa tumeimba njia nzima. Mimi mzima sana. Hapa kila dirisha lina mshumaa na watu wananisalimia mtaani, nadhani wameniona kwenye gazeti, au ni kwa sababu ya kofia.

Umeamka? Nimepiga simu ya Dimka kutoka posta, inaita tu. Hospitali ya Varna waliniuliza mimi ni nani, nikasema mdogo wake, wakaniuliza jina la ukoo la mgonjwa, nikawaambia, kisha laini ikakatika, na sarafu zote zimeliwa.

Mwisho ninao. Ni mzuri kupita kiasi. Huwezi kuamini yanayompata yule dereva. Ukiutaka, sema tu.

Mdogo wako,
Rangel


Linz, 14 Januari 2007

Dada,

Natumaini ni posta. Sikukuu posta za nchi zote hulala, hata huku kwa Waaustria ambao hawalali.

Simu ya Dimka bado inaita. Kapteni ameniuliza leo kama nimetia sukari kwenye supu. Nilikuwa nimetia.

Siulizi kuhusu hadithi. Andika neno moja, au mwambie Dimka aandike, au atume bahasha tupu tu yenye mwandiko wako juu.

Mdogo wako,
Rangel


Ruse, 9 Februari 2007

Rangel, mdogo wangu, mlaji wa sarafu,

Salamu kutoka barazani, kwenye kiti, chini ya mablanketi mawili. Mwandiko huu ni wangu, unatetemeka kwa sababu Dimka anatikisa meza akikata kabichi. Niko hai. Samahani kwa ukimya. Baada ya kisu nilipata homa ya mapafu, wakanibakiza Varna, na Dimka alikuwa kwa binamu yake kulekule, kila siku ananiletea mtindi, ndiyo maana simu yake hapa iliita hadi ikachoka. Kukuandikia alikataa. Alisema habari nusu ni mbaya kuliko hakuna. Nimemgombeza, na kabichi unayoisikia ndiyo majibu yake.

Sasa kilango kipya kinafunga. Nakisikia nikilala, tik, tik, kama saa ya jikoni. Jana nimepanda ngazi zote, nimesimama ghorofa ya tatu tu, na safari hii kweli nilikuwa nasoma matangazo.

Nikusimulie jambo. Siku yenyewe wamenilaza, taa juu kama jua. Daktari wa usingizi ni dada mmoja mzuri, mzaliwa wa Moscow, ameolewa Varna kiangazi kilichopita, Kibulgaria chake bado kina mifupa. Akainama, macho tu juu ya ile barakoa, akaniuliza, "Mama, uko tayari? Tuanze?" Nikakumbuka lile buti. Nikatikisa kichwa, kulia na kushoto, taratibu.

Akaruka nyuma kama nimemtemea. "Simamisheni!" akawaambia wenzake. "Amekataa!" Mkubwa wao ameshaanza kuvua glavu. Ndipo muuguzi mmoja, mtoto wa Dobrich, akapasuka kicheko. "Daktari, amekubali huyo! Sisi huku tukitikisa ni ndiyo, tukiinamisha ni hapana. Hakuna aliyekwambia?" Wakacheka wote, na vyombo vyao mkononi. Yule dada akajishika paji la uso. "Kwetu Moscow," akasema, "kutikisa kichwa ni hapana. Mtoto, mzee, kila mtu. Hapana kabisa."

Dawa ilikuwa imeshaanza kupanda mkono. Nazama zangu polepole, nawaza: kwao Moscow, kila mtu. Na Pankrat je? Mzimu wa Moscow, hajawahi kutoka nyuma ya jiko lake, kajifunzia wapi kukubali kama mzee wa Ruse? Nikaziona na zile pilipili barazani. Nikamwona na Mavra na kahawa yake.

Rangel, nililala nacheka. Muuguzi anasema hajawahi kuona. Mama aliingia na rangi ya mdomo, mimi nimeingia na kicheko, na nimetoka.

Habari nyingine. Kuna mchapishaji mpya Sofia. Kitabu cha saba kimetoka, Kibulgaria safi, jalada la bluu. Dimka ameninunulia. Kipo juu ya redio na karatasi yake ya nailoni, sijakifungua. Dimka anakizunguka kama paka. Nimemwambia asubiri: nataka kwanza mwisho wa kwako. Yule Pankrat anayetikisa kichwa nimemzoea, ndiye aliyenipeleka Varna, siwezi kumwacha ndani ya buti.

Alifika wapi?

Dada yako,
Velichka


Budapest, 1 Machi 2007

Dada Velichka,

Machi njema! Humu ndani kuna uzi wa desturi yetu ya Machi, mwekundu na mweupe, wa kufunga mkononi. Mweupe ni wa gunia la unga, mwekundu ni wa soksi ya kapteni, amekubali baada ya kusomewa barua yako. Uvae mpaka uone korongo wa kwanza au mti umechanua, kisha uufunge kwenye tawi. Mwaka jana ulimtuma Dimka akuangalizie korongo. Mwaka huu shuka mwenyewe.

Mimi ni mzima. Barua yako nilipoipata nilikaa juu ya kiroba cha viazi na kulia kama mtoto, wakaja wote wakidhani nimejikata.

Huu ndio mwisho. Glafira alibeba buti kifuani. Dizeli iliyeyuka, dereva akawasha mashine, lakini aliposhika usukani akakumbuka pilipili, akazima tena mpaka mama apite. Nyumba ikaanguka nyuma yake. Hakugeuka. Akapanda basi, akashuka, akatembea, mvua ikaanza, akalifunika buti kwa koti lake yeye akalowa. Akafika mtaa wenye mto, nyumba ya ghorofa, lifti haifanyi kazi. Ghorofa ya nne akasimama apumzike. Nyuma ya mlango mmoja mtu alikuwa anacheka, na mwingine anakata kabichi. Akasikia kwa ndani ya buti, ko, ko. "Hapa," akasema Pankrat. "Nishushe hapa, mama." Akaingia chini ya mlango. Anakaa nyuma ya redio. Ukisikia tik, tik ukilala, usidhani yote ni moyo.

Basi. Wengine wote wa kwenye meli wameridhika, isipokuwa fundi wa mashine, anadai kofia nyingine.

Sasa ile habari ya Reni. Pale kwenye kibanda nilimuuliza yule mama kwa Kirusi changu kama kitabu cha saba anacho. Akanitazama usoni, akatikisa kichwa. Nilimshukuru sana. Nikakaa juu ya kreti kumngoja akilete, na kwa furaha nikakuandikia barua palepale, nikakimbia nayo posta kabla haijafungwa. Niliporudi amefunga kibanda, haonekani. Tangu Septemba namwita mwongo yule mama kimoyomoyo, kila nikikaanga samaki. Wahungari na Waserbia nawajua wanavyotikisa vichwa, lakini Warusi nilidhani ni ndugu zetu mpaka shingoni. Miaka yote hii mtoni na mimi ndiye msafiri wa familia! Mpaka nilipofika kwenye huyo daktari wako, nikaweka barua chini nikasema: kumbe.

Yule mama wa kibanda alisema kweli, kwamba hana. Asubuhi yake nilijua kabisa kwamba sina kitu, na barua ilikuwa imeshaondoka, na wewe umeshakaa chini kusubiri.

Reni nilinunua soksi na vitunguu. Hicho kitabu sijawahi kukishika. Sikuwa na bahati yoyote, dada, nilikudanganya.

Mdogo wako,
Rangel